Mwaka wa Harage Moja

Kila mwaka, mwezi wa saba ukielekea kuisha, Naserian alikuwa akiniletea maharage. Aliyaleta mwenyewe kutoka kwake Ngaramtoni, kilo tano au sita ndani ya mfuko wa sukari uliofuliwa, maharage ya njano yaliyopepetwa na kuchambuliwa mpaka hukuti jiwe wala ganda. Aliyaweka juu ya meza yangu Sombetini, akanywa chai, akauliza kama wapangaji wangu wananisumbua, akaondoka kabla jua halijawa kali. Kila mwaka nilimwambia, "Jamani Naserian, si ungeacha tu," na kila mwaka akanijibu, "Ni yako, Dada Aika. Ule tu." Nilikula. Miaka ishirini na kitu nimekula maharage yale nikijua kwamba ni shukrani, na nikijua pia kwamba shukrani yenyewe sikuistahili. Mtu anaweza kukaa na mambo mawili ya namna hiyo tumboni muda mrefu sana bila kuugua.

Mwaka huu mfuko haukuja. Ulikuja ujumbe wa simu kutoka kwa binti yake, Upendo: mama amepumzika alfajiri, mazishi ni Jumamosi, nyumbani. Nilikaa barazani nikausoma mara nne. Nimechoka kujipamba, kwa hiyo nitaandika kama ilivyokuwa: kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa nafuu. Nilijiambia kwamba sasa hayupo tena mtu wa kuniangalia usoni akinishukuru kwa jambo nisilolifanya. Huzuni ilichelewa kufika, na ilipofika ilinikuta nikiwa tayari nimejichukia.

Nimevuka hamsini sasa. Habari za kwetu Machame, za nani alimzaa nani na kihamba, shamba la ukoo, kilikuwa na migomba mingapi, nitaziacha, kila mtu ana kwao. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na minne na nikawa, kwa karatasi halali yenye muhuri wa wakili, mmoja wa wenye kampuni.

Gereji yetu ilikuwa Olasiti, wakati Olasiti bado ni mashamba ya mahindi na vumbi. Hatukuwa watu wa injini. Tulipokea magari mapya ya safari, tukayakata nyuma ya mlango wa dereva, tukayarefusha kwa chuma, tukayawekea paa la kufunguka ili mtalii asimame amwangalie simba bila kushuka, halafu tukayashonea viti. Mimi nilikuwa fundi wa viti. Chumba changu kilikuwa cha mabati, kina dirisha moja linalotazama Mlima Meru, cherehani mbili nzito za umeme, na harufu ya gundi iliyoingia mpaka kwenye nywele. Mwenye gereji alikuwa Kalasinga mmoja mzee tuliyemwita Bapa. Watoto wake walikuwa wamekwenda kuishi ng'ambo, na walipoulizwa kuhusu gereji walicheka. Mzee yule aliumia kuliko alivyoonyesha. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule alitukusanya uwanjani, mafundi wote wa kudumu, akatuambia kwamba ameandikisha kampuni yenye hisa kumi na moja, mtu mmoja hisa moja, sawa kwa sawa kuanzia fundi mkuu wa kuchomelea mpaka Mama Eli, mpishi wetu. Bei yake tungemlipa polepole kutoka kwenye kazi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mlizoea kugombana na mimi. Sasa mtagombana na nani?" Tulicheka sana siku ile.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri, na siwezi kuwaruhusu wanaojifanya wajuzi waseme kwamba jambo lile lilikuwa la kijinga tangu siku ya kwanza. Chini ya Bapa, vipande vya ngozi ya bandia vilikuwa vinakwenda nyumbani ndani ya mikoba yetu, kila mtu na ujanja wake. Mimi nilikuwa na mito sita kitandani kwangu, yote ya Bapa. Baada ya karatasi ile hakuna aliyebeba hata kipande cha kufutia kiatu. Umeme ukikatika, zamani tulikuwa tunalala chini ya magari. Sasa nilishona kwa mkono, na wachomeleaji wakapiga msasa. Msimamizi tulimwondoa kwa sababu tuliona hatumhitaji. Zamani tulikuwa na macho mawili ya kukwepa, sasa yalikuwa ishirini na mawili, na hayakwenda mapumziko. Gari lililokuwa linachukua miezi miwili lilianza kutoka kwa wiki tano. Wenye makampuni ya utalii walikuja kutuuliza tumepata mashine gani mpya.

Mikutano ilikuwa Jumamosi saa nane. Hatukuwa na ukumbi, kwa hiyo tulikalia viti vya magari ambavyo nilikuwa nimevimaliza wiki ile, bado vimo ndani ya nailoni, vimepangwa uwanjani viwili viwili. Ukitutazama kutoka barabarani ungedhani ni watalii wamekaa tayari kwa safari na gari halipo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Massawe, aliyekuwa mtunza stoo, mtu wa Kibosho, mwenye sauti laini na shati lililopigwa pasi. Alijua kusema jambo lake kwa namna ambayo ukitoka pale unalisema kama la kwako. Upinzani wote ulikuwa kwa Baba Mollel, fundi mkuu wa kuchomelea, Mwarusha mrefu mwenye makovu ya cheche mikononi, ambaye hakuwahi kukubali kitu bila kukitukana kwanza. Alitukana rangi tuliyochagua, akatukana saa ya mkutano, akatukana mkutano wenyewe. "Ng'ombe mmoja hachungwi na watu kumi na mmoja," alikuwa akisema, "atakufa kwa kiu huku mnapiga kura." Hatukumpenda.

Na tulikula pamoja. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko hata gawio la kwanza. Mama Eli alipika makande kwenye sufuria moja kubwa nyeusi, mahindi na maharage ya njano aliyoyanunua gunia zima soko la Ngaramtoni. Saa saba akigonga mfuniko tulikuja wote, wenye hisa na vibarua, tukakaa kwenye mihimili ya chuma na mabakuli yetu. Vibarua wakati huo walikuwa wachache, wanane hivi. Hakuna aliyeuliza nani ni nani. Makande ya Mama Eli yalikuwa na kitunguu kingi na nazi kidogo sana, nazi ikiwa ghali huku juu, na kila siku mtu alimtania kwamba nazi ameionyesha tu sufuria kisha akairudisha kabatini.

Naserian alikuwa mmoja wa wale vibarua wanane. Alikuja mwezi mmoja kabla Bapa hajatuachia gereji, kufagia. Kila jioni alifagia uwanja na vyumba vyote, akachambua takataka, misumari huku, vipande vya nguo huku, kwa sababu kwao hakuna kitu kinachotupwa bila kuangaliwa mara mbili. Alikuwa na umri kama wangu, mume wake yuko Mererani akichimba na kurudi mara moja moja na maneno matupu. Siku moja alisimama mlangoni kwangu na fagio lake akatazama mikono yangu kwa muda mrefu, halafu akauliza kwa nini ninaanza mshono kutoka pembeni na si katikati. Nilimweka kwenye cherehani ya pili ili nimcheke. Baada ya miezi mitatu mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Alishona mchana, akafagia jioni, kwa ujira wa kufagia. Nilimpenda, na nilimwonea wivu, na vyote viwili vilikaa chumba kimoja cha mabati bila kupigana, kwa muda.

Katika karatasi za Bapa kulikuwa na kifungu kimoja ambacho tulikuwa hatujakitumia. Kibarua akifanya kazi mwaka mzima, wanachama wangekaa na kupiga kura kama apewe hisa. Mwaka wa Naserian ulikuwa unatimia wiki mbili kabla ya Krismasi, na yeye alikuwa mjamzito wa miezi saba na zaidi. Hapo ndipo jambo lote lilipokaa. Tulikuwa tumepitisha wenyewe, kwa makofi, kwamba mwanachama akizaa atalipwa miezi mitatu akiwa nyumbani na nafasi yake itamsubiri. Kibarua akikaa nyumbani, amekaa. Naserian aliniambia kwa sauti yake ya chini, sindano mdomoni, "Dada Aika, nikipata hii sitarudi kumsubiri mtu wa Mererani. Mtoto nitamlea mwenyewe." Nikamwambia, "Utapata. Nani atakukataa?" Na wakati nasema hivyo nilikuwa nasema kweli.

Siku mbili kabla ya mkutano nilikwenda stoo kuchukua uzi. Mlango ulikuwa umerudishwa, na ndani Bwana Massawe alikuwa anazungumza na Mama Eli. Nilisimama. Kusimama kwenyewe nilikuwa ninajua ni vibaya.

"Chungu ni kilekile," alikuwa anasema Massawe, "midomo ndiyo inaongezeka. Gawio la Krismasi tumeshalipigia hesabu kumi na moja. Huyu anaingia leo, mwezi ujao yuko kitandani, tunamlipa. Na nyuma yake wako saba wengine wanatimiza mwaka. Utawaambia nini?"

"Lakini ni mtoto mzuri," akasema Mama Eli. "Anafanya kazi."

"Sijasema hafanyi. Ataendelea kufanya. Tutamwongezea hata ujira."

"Na Aika? Aika ni rafiki yake."

Massawe akasema bila ubaya wowote, "Aika anajenga."

Ni kweli nilikuwa najenga. Nilikuwa na kiwanja Sombetini, vyumba viwili vimefika usawa wa renta, juu ya madirisha, na kila usiku nililala nikihesabu mabati. Gawio la Krismasi lilikuwa paa langu. Niliondoka pale bila uzi. Nilitaka nikasirike kwa kusemwa vile, nikatafuta hasira njia nzima mpaka chumbani kwangu, nisiipate. Massawe alikuwa amenisoma.

Siku ya mkutano Baba Mollel alisimama kwanza, kama kawaida yake. "Mimi sitaki kumi na mbili," akasema. "Hata kumi na mmoja ni wengi. Na simsemi mtu nyuma ya mgongo, aitwe." Naserian akaitwa kutoka jikoni alikokuwa anasubiri na vibarua wenzake. Akaja na tumbo lake, akasimama mbele ya viti vyetu vya nailoni. Mollel akamwambia alete kiti alichokishona mwenyewe. Kikaletwa. Mzee yule akapiga goti, akashika mshono wa mgongoni kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Uzi haukulegea.

"Ukizaa, nani atashona?" akamuuliza.

"Nitashona mpaka siku yenyewe, baba. Nikipata nguvu nitarudi kushona. Na wewe ulipougua kifua mwezi wa sita, nani alichomelea?"

Watu waliinamisha vichwa, maana hakuna aliyezoea kumjibu Mollel hivyo. Yeye akainuka akajifuta magoti, akasema neno moja la kwao, "Sidai," ambalo ni kusema vema, akaketi. Tulidhani anasema kuhusu kiti.

Sasa naja kwenye sehemu yangu. Mpaka siku ile tulikuwa tunapiga kura kwa kunyoosha mikono, na vijana walikuwa wanatazama kwanza mikono ya wazee. Nikasimama mimi. Nikasema jambo kama hili linahusu mtu tunayekula naye, watu wataogopa, tupige kura ya siri. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake, ili Massawe asimtazame mtu usoni. Karatasi hazikuwepo za kutosha na wawili kati yetu hawakupenda kuandika mbele za watu, kwa hiyo Mama Eli akaleta mabakuli mawili kutoka jikoni, moja la mahindi na moja la maharage. Kila mtu achukue punje moja ya kila aina. Aende nyuma ya pazia la turubai kwenye chumba changu, kuna kopo tupu la rangi. Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Atumbukize moja, atoke na nyingine ndani ya ngumi. Ile inayobaki ni yake, akaitupe anakojua.

Nilikuwa wa nane kuingia. Kopo lilikuwa juu ya cherehani ya Naserian, na kando yake kuna kitambaa chake cha kufutia jasho. Nasikia watu wanasema katika nafasi kama hizo mtu hupambana na moyo wake. Mimi sikupambana. Niliwaza mabati, nikawaza mshono wake ulivyonyooka, nikawaza kwamba wengine kumi watampitisha hata hivyo, na hindi langu moja halitamdhuru mtu, ila litanituliza mimi. Nikalitumbukiza. Lilitoa sauti ndogo. Harage nikalitia mfukoni mwa aproni.

Massawe alimimina kopo juu ya kiti mbele yetu sote. Mahindi kumi. Harage moja. Kila mmoja alikuwa ametegemea wema wa wenzake. Mama Eli akazikusanya punje zile, akazirudisha kwenye mabakuli yake jikoni, chakula hakitupwi, na Jumatatu yake tulizila.

Nilimfuata Naserian kabla mtu mwingine hajamfikia. Alikuwa amekaa kwenye mhimili wa chuma na kikombe cha chai. Nikakaa karibu yake, mkono mfukoni, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Lile harage moja lilikuwa langu." Alinitazama. Nilidhani atalia, lakini alisema tu, "Asante, Dada Aika." Kisha akainuka, kwa sababu saa kumi ilikuwa imefika na uwanja ulikuwa haujafagiliwa. Nilipoingia chumbani kwangu nililitoa lile harage mfukoni nikaliacha lianguke tu, bila hata kuangalia lilikoangukia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, kama mambo ya namna hiyo yanavyokwenda. Gawio lilitoka, nono, na Wachaga tukapanda magari kwenda nyumbani kula Krismasi, tumebeba mikate na mafuta ya kupikia. Nilirudi nikaezeka. Mwezi wa kwanza Massawe alisema wenye kampuni hawawezi kula makande kila siku, na Mama Eli akawa na sufuria mbili, moja ya wali na nyama kwa wanachama, na ile nyeusi kwa vibarua. Baba Mollel alibeba bakuli lake siku ile ya kwanza akaenda kukaa upande wa sufuria nyeusi. Alikula huko wiki tatu. Halafu akaandika barua ya kuacha, mistari miwili, akarudi kwao kuchunga. Tulisema afadhali, mikutano itakuwa mifupi. Hisa yake tuliigawana.

Naserian alishona mpaka siku yenyewe, kama alivyosema. Alijifungua mtoto wa kike mwisho wa mwezi wa kwanza. Alirudi baada ya wiki sita, mtoto mgongoni, asubuhi, na kwenye cherehani yake alikuwa amekaa msichana mwingine niliyemfundisha mimi. Alisimama mlangoni palepale aliposimama siku ile na fagio. Mimi niliinama chini ya meza nikatafuta uzi ambao haukuwa umepotea. Nilitafuta mpaka nikasikia ameondoka. Baadaye nilisikia amerudi Ngaramtoni kwenye kipande cha shamba cha mama yake, na masika yale akalima.

Watu huuliza siku hizi, hata wasomi huja na vinasa sauti vyao, kwa nini gereji ya wafanyakazi ilikufa wakati ilikuwa inaingiza fedha. Nawaambia haikufa. Ilinenepa. Hatukumpa mtu mwingine hisa tena. Aliyeondoka tuligawana yake, aliyefariki tuligawana yake. Miaka kumi baadaye tulikuwa wanachama wanne na vibarua arobaini, na wale arobaini wakaanza kubeba ngozi ya bandia kwenye mikoba, na sisi tukaajiri msimamizi. Siku moja nilimsikia kijana mmoja wa rangi akituita sisi wanne "akina Bapa". Ardhi ya Olasiti ilipopanda tukaiuza na mabati yake, gereji ikavunjwa, na mimi nikaongeza vyumba vinne Sombetini. Kwa hiyo nimekuwa mwajiriwa, nimekuwa mwenye mali, na sasa nimekuwa mwenye nyumba, na katika hatua zote tatu nimekwenda kanisani kila Jumapili.

Jumamosi ya mazishi nilifika Ngaramtoni mapema. Turubai zilikuwa zimefungwa, kwaya ya usharika inaimba, na jeneza liko sebuleni. Bwana Massawe alikuwepo, mzee sasa, ana fimbo na dereva. Tulisalimiana. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa ile sauti yake laini, "Unajua, Aika, mimi ndiye niliyemwekea lile harage. Sikuwahi kuwaambia, lakini yeye nilimwambia." Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na nadhani miaka yote hiyo imemfanya aamini. Nilimtazama nikajiona. Mwongoza ratiba aliponiita kama rafiki wa marehemu, nilisimama nikasema maneno mazuri, kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba tulishirikiana jasho. Watu waliitikia amina. Niliketi.

Baada ya kuzika, watu walipokuwa wanakula, Upendo alinijia. Ndiye yule mtoto wa mgongoni, sasa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu kama mama yake. "Shikamoo, mama mdogo. Njoo huku jikoni, kuna kitu chako." Jikoni kulikuwa na gunia la maharage ya njano, na yeye akaanza kuyapima kwa kisado kwenye mfuko wa sukari uliofuliwa. "Mama alisema mwaka huu usikose."

Hapo ndipo kitu kilipokatika. "Upendo," nikamwambia, "usinipimie. Mama yako alinishukuru bure. Mimi sikumwekea harage. Niliweka hindi."

Hakuacha kupima. Aliongeza kisado cha tatu, akatikisa mfuko yakae vizuri. "Tunajua, mama mdogo," akasema.

Nikamuuliza wanajuaje.

"Si alifagia jioni ile? Aliyeweka harage alibaki na hindi, aliyeweka hindi alibaki na harage. Watu waliyatupa hapohapo. Aliokota maharage saba. Moja lilikuwa chumba chako, karibu na kanyagio la cherehani. Mlangoni kwa stoo moja. Kwa watu wa rangi matatu. Sikumbuki mengine. Punje ya hindi aliipata moja tu, chini ya benchi ya Baba Mollel." Alisema kama mtu anayesoma orodha ya wanafunzi, bila kuinua sauti. "Hiyo alimpelekea mwenyewe. Ndiye baba yangu wa ubatizo. Alikuwa akija hapa kila Krismasi mpaka alipofariki."

"Na yale saba?"

Akanyoosha mkono kuonyesha mlango, shamba lililokuwa nyuma ya jiko, mabua makavu bado yamesimama. "Aliyapanda masika yale. Matano yakaota. Mwaka wa kwanza hatukula, akayarudisha ardhini yote. Toka hapo hajawahi kununua mbegu nyingine. Ndiyo yaliyonisomesha, mengine yote aliuza sokoni. Ya kwako alikuwa anayatoa kwanza."

Nilitaka kukaa na hapakuwa na kiti. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuniambia, anakuja kwangu, anakunywa chai yangu, ananitazama.

"Hata mimi nilimuuliza," akasema Upendo. "Alisema utasema mwenyewe. Alisema, Aika hana roho mbaya, anachelewa tu." Akafunga mfuko kwa kamba ya katani, mafundo mawili, akaniwekea mkononi. "Ni yako, mama mdogo. Ule tu."

Niliubeba mpaka Sombetini. Niliuweka mezani nikakaa nao siku nzima ya Jumapili, nikasikia wapangaji wakirudi kutoka kanisani, wakipika, wakigombana kuhusu maji. Nilifikiria kuyatupa, na nikajua kuna mtu atakayefagia. Jumatatu asubuhi niliyaosha nikayabandika jikoni. Yaliiva upesi, kama kila mwaka, na yalikuwa matamu.